Namba ya Kona ya Mbali

Jumamosi, 1 Machi

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa saisi, mtunza farasi mazizini, na kila jioni niliandika daftari la farasi: huyu amekula, huyu amebakiza, huyu mguu wa nyuma una joto. Sasa sina farasi wa kumwandika, nimebaki na mimi mwenyewe. Basi nijiandike.

Leo nimeanza kazi Kwato. Kwato ni aplikesheni ya simu, pamoja na tovuti yake, ya wapenzi wa mbio za farasi. Hatupokei dau la mtu. Anayetaka kubeti anakwenda kwingine. Kwetu anapata orodha ya mbio, historia ya kila farasi na, kuanzia leo, maneno yangu: farasi yupi ameamka vizuri, yupi amenuna, na njia ya mbio ikoje. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la fundi baiskeli. Tuko watatu. Mwenye kampuni alikuwa mtangazaji wa mbio redioni na hajui kusema kwa sauti ndogo. Wote tunamwita Spika. Mtengeneza programu ni mama wa pacha wa miaka minne, kwa hiyo Mama Pacha. Wa tatu ni mimi.

"Tuna watumiaji elfu arobaini!" Spika alinguruma, utadhani nimekaa ng'ambo ya barabara. "Takwimu wanazo za kumwaga. Wanachokosa ni macho. Wewe una macho?"

"Ninayo," nikamwambia. "Na pua pia. Farasi mgonjwa hunuka kabla hajachechemea."

Alicheka mpaka fundi baiskeli akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio.

Jumapili, 2 Machi

Mbio za kwanza za msimu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mjomba alinitumia ujumbe: "3 kote."

Mjomba ni kaka wa mama yangu, na ni msimamizi wa njia ya mbio kwa mwaka wa thelathini na moja sasa. Ndiye aliyenitia mazizini nilipomaliza shule, ndiye aliyenifundisha kuisoma ardhi kwa kisigino. Kila asubuhi anauzunguka uwanja na fimbo ya chuma yenye alama, anaichoma kwenye nyasi, anaangalia imezama kiasi gani. Moja ni ardhi ngumu kama saruji. Kumi ni matope matupu. Ikifika saba mahali popote, kanuni za uwanja zinasema farasi wasipite hapo. Namba yake huenda kwa meneja wa uwanja, na sasa inakuja kwangu pia, na kutoka kwangu inaingia kwenye simu elfu arobaini. Nilipoiandika nilijiona kama nimempandisha Mjomba jukwaani apigiwe makofi.

Nilitaja farasi sita wa kuangaliwa. Watatu wameshinda, wawili wameshika nafasi ya pili. Wa sita amemtupa mpandaji wake kabla ya mbio kuanza, lakini hata yeye niliandika kwamba ameamka na ugomvi.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Viatu vyangu vyote viwili vimelowa na sina vingine.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua.

Jumapili, 9 Machi

"4 kote," kasema Mjomba. Mbio zimekwenda salama. Watumiaji wameanza kuniandikia moja kwa moja. Mmoja anauliza kama nimeolewa. Mwingine anataka kujua yule farasi mweusi wa mbio ya tano hula nini. Nimemjibu wa pili.

Kabla ya kufunga ofisi, Mama Pacha aliniita kwenye kompyuta yake. Alikuwa amepanga namba za Mjomba za mwaka mzima kwenye mstari, alizozitoa kwenye karatasi za meneja.

"Anapima sehemu tatu, sivyo? Mbele ya jukwaa, katikati, na kona ya mbali."

"Ndiyo."

"Kuanzia Novemba sehemu zote tatu zinalingana. Kila siku. Zamani zilikuwa zinapishana."

"Kwa sababu ardhi imekuwa sawa."

"Kila siku?"

"Dada, wewe kaa na kompyuta zako," nikamwambia. "Mjomba wangu ameichoma njia ile fimbo mara nyingi kuliko ulivyobonyeza vitufe hivyo." Alizima skrini, akachukua mwavuli wake. Nilijiona nimemkomesha, na nikateremka ngazi kichwa juu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua usiku kucha na asubuhi. "4 kote."

Jumapili, 16 Machi

Ya leo ni mengi. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi Mjomba alituma "4 kote". Niliiandika. Chini yake niliongeza maneno yangu mwenyewe: njia ni laini kidogo lakini ya kuaminika. Nilikuwa mazizini, sikuwa nimekanyaga njia. Niliyachukua maneno hayo kichwani mwangu, kwa kuwa namba ni ya Mjomba.

Mbio ya nne, farasi kumi na mmoja. Sindano alikuwa juu ya jike wa hudhurungi. Sindano ni mwanamke mwenzangu; tumelala naye chumba kimoja cha mazizini miaka mitatu, mimi saisi, yeye akijifunza kupanda. Jina alipewa kwa wembamba wake, na kwa namna anavyopenya katikati ya farasi wawili mahali ambapo wewe huoni upenyo. Nilikuwa kwenye uzio na darubini. Waliingia kona ya mbali wakiwa kundi moja. Mguu wa mbele wa yule jike ukateleza kwenda nje, kama mtu aliyekanyaga sabuni. Akapiga magoti. Sindano akapita juu ya shingo yake, akaanguka, na farasi wawili wa nyuma wakapita hapo hapo.

Farasi aliinuka, akatoka mbio hatamu zikiburuzika, mzima. Sindano hakuinuka. Nilikimbia kukatiza uwanja, na nilipofika kwenye kona, viatu vyangu vilizama mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nakumbuka nilikasirika kwanza kwa ajili ya viatu. Kisha nikaelewa nimesimama wapi.

Mfupa wa bega umevunjika, mbavu mbili zimepasuka. Kwato za farasi hazikumgusa kichwa. Alikuwa anatukana alipopandishwa kwenye gari la wagonjwa, na matusi yale yalinipa raha kuliko kitu chochote nilichosikia leo.

Nilirudi ofisini. Maoni mia nne. "Ya kuaminika kwa nani?" "Kwato waongo." "Mnamlipa nani kuandika haya?" Spika alisimama dirishani, mikono nyuma. Mama Pacha hakusema "nilikwambia". Angesema ningevumilia vizuri zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda hospitali mchana. Sindano amefungwa mkono kifuani kama kifurushi.

"Ile kona ni uji," alisema. "Nani aliipima?"

Nilimmenyea chungwa.

Jumanne, 18 Machi

Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa uwanjani, na fimbo ya zamani niliyoikuta mazizini. Niliingia kabla ya Mjomba, nikajiweka nyuma ya jukwaa. Alikuja, akachoma mbele ya jukwaa mara tano. Akaenda pole pole mpaka karibu na katikati, akachoma mara mbili. Akasimama akiangalia kona ya mbali kwa muda, mkono umeshika uzio. Kisha akageuka akarudi.

Alipoondoka niliizunguka njia yote. Fimbo huacha tundu la ukubwa wa kidole gumba. Mbele ya jukwaa matundu yamejaa, mapya na ya zamani, kama kichujio. Katikati, machache. Kuanzia hapo, hakuna. Kona ya mbali nilipiga magoti nikapapasa nyasi kwa viganja, mita kwa mita. Hakuna tundu hata moja.

Nikachoma yangu. Saba. Nikasogea. Saba na nusu. Maji yalipanda yakajaa kwenye tundu.

Simu ikalia mfukoni: "4 kote."

Leo Kwato haina namba ya njia. Ni mara ya kwanza.

Jumatano, 19 Machi

Nilimkuta kwenye banda lake la vifaa, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anavaa buti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona namba yangu siioni kwenye simu yenu?"

"Kona ya mbali umeipima lini?"

"Leo. Jana. Kila siku."

"Hakuna tundu kule, Mjomba. Nimetafuta kwa magoti."

"Mvua imeyafukia."

"Ya mbele haikuyafukia?"

Alitaka kuinuka ghafla kama zamani, aniinukie. Hakuweza. Alishika ukuta, akajivuta, na mguu wa kushoto ulibaki umekunjwa. Niliona kitambaa alichofunga gotini kimetuna chini ya suruali.

"Mguu una nini?"

"Mguu hauna kitu. Njia hii nimeijua wewe hujang'oa meno ya utoto. Leo umepewa simu, unakuja kunipima mimi? Toka, nifanye kazi."

Nilitoka. Mchana Mama alinipigia.

"Mjomba wako anasema umemvunjia heshima."

"Mama, anaumwa."

"Kwani nani hajui kwamba anaumwa? Amebakiza mwaka mmoja astaafu kwa heshima zake. Mwaka mmoja tu, mwanangu. Huwezi kumstahi?"

Kumbe wote walijua. Sindano peke yake ndiye hakujua, na mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamua. Mjomba sitamtaja kwa mtu. Namba yake sitaiandika tena. Kuanzia kesho napima mwenyewe, uwanja wote.

Nilimwambia Spika bila kueleza sababu. Nilijiandaa kwa ubishi.

"Na ukikosea?" aliuliza.

"Sitakosea."

"Haya."

Ndivyo ilivyokwisha. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la wapiga domo, nikamtoa.

Kwa Mama Pacha ilinibidi nimeze kiburi kwanza. "Nilikujibu vibaya siku ile," nikamwambia. "Ulikuwa umeona jambo."

"Uliniambia nikae na kompyuta zangu," alisema. "Nimekaa nazo. Njoo uone." Alikuwa ameshachora uwanja mzima vipande kumi na viwili, kila kipande na nafasi ya namba na picha. Alianza kuuchora tangu Jumatatu. Huyu mwanamke hanuni, anafanya kazi.

Ijumaa, 21 Machi

Vipande kumi na viwili, saa moja na dakika kumi. Kona ya mbali 7. Nimepiga picha maji kwenye tundu. Meneja amepunguza mbio za Jumapili ziwe za njia iliyonyooka tu. Anadai ni kwa ajili ya "matengenezo".

Nilikutana na Mjomba getini. "Shikamoo." Alipita.

Jumatano, 26 Machi

Kona 6. Shikamoo yangu haikupokewa.

Jumapili, 30 Machi

Kona 6. Farasi wamepita nje ya kona, mbali na uzio, baada ya wapandaji kuangalia picha zangu. Wote wamerudi salama. Mtumiaji mmoja ameandika: "Sasa nauona uwanja kama niko huko." Nimesoma maoni hayo mara nne, sioni haya kusema.

Ijumaa, 4 Aprili

Jua. Kona 5. Shikamoo haikupokewa, lakini alipunguza mwendo.

Jumatano, 16 Aprili

Meneja ameniita ofisini kwake. Chumba kina zulia, vikombe vya ushindi kabatini, na feni inayozungusha karatasi zile zile.

"Uwanja mmoja hauwezi kuwa na namba mbili," alisema. "Yangu inasema nne. Yenu inasema sita. Watu wananicheka."

"Twende tukapime pamoja. Sasa hivi. Nitakuazima buti."

Aliangalia viatu vyake. "Msimamizi wangu ana miaka thelathini kazini. Wewe ni mtu wa mtandaoni. Nipe kitambulisho chako cha kuingilia."

Nikampa. Nikamwambia ataniomba nikichukue tena. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, lakini nilipofika nje nilijiona nimesema kweli tupu.

Alhamisi, 17 Aprili

Sindano ametoka kitambo hospitali na amechoka kukaa ndani. Alikuja ofisini mkono ukiwa bado umefungwa kwa kitambaa shingoni, akaweka kijitabu cha kanuni mezani.

"Soma hapo. Mpanda farasi mwenye leseni ana haki ya kukagua njia kwa miguu siku yoyote, pamoja na msaidizi mmoja. Wamesema mkono uwe mzima?"

"Hawakusema."

"Basi kesho saa kumi na mbili. Wewe ndiye msaidizi. Ubebe fimbo, na ubebe chai."

Ijumaa, 18 Aprili

Tumeingia kwa geti kuu. Mlinzi alisoma kanuni, akakuna kichwa, akatufungulia. Kona 6. Chai niliibeba.

Jumapili, 4 Mei

Wiki moja kabla ya Mbio za Kombe, mbio kubwa za msimu, farasi kumi na wanane. Watumiaji wamefika elfu sabini. Mkeka wa dau la Kombe unajadiliwa mpaka dukani kwa fundi baiskeli, ambaye hajawahi kumwona farasi kwa karibu. Kona 5. Nilianza kuamini tutamaliza salama.

Jumatano, 7 Mei

Mvua.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Mtaro wa nyuma ya uwanja umefurika.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua. Kona 7 na nusu.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi mimi na Sindano tulipata kona ya mbali 8. Upana wote wa njia, kuanzia kwenye uzio hadi ukingo wa nje. Hakuna pa kuikwepea. Nilituma namba na picha saa moja. Saa mbili meneja alitoa karatasi rasmi yenye saini ya Mjomba: tano kote, Kombe litakimbiwa.

Saa saba mchana Mama Pacha alinipigia. "Ukurasa wa njia umeondolewa. Si mimi. Ni yeye."

Nilipanda ngazi za ofisi mbili mbili. Spika alikuwa mezani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ndogo.

"Meneja amepiga simu. Ukurasa ukibaki, hatupati tena orodha za mbio. Bila orodha hakuna Kwato. Nina ninyi wawili hapa, nina familia."

"Na wapandaji kumi na wanane?"

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hakika ya kiasi gani? Msimamizi ametia saini."

"Msimamizi ni mjomba wangu wa tumbo moja na mama," nikasema. "Hajafika kona ya mbali tangu mwaka jana. Goti lake haliwezi. Anakadiria akiwa katikati. Nimejua tangu Machi na nimemfichia, nikidhani nikipima mimi basi yatosha. Haitoshi. Ndiyo hakika niliyo nayo."

Spika alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha alikuwa ameinamia kikombe chake.

"Mimi nilijua tangu Machi," alisema taratibu. "Namba za mtu anayepima hutikisika. Zake zilinyooka. Nilimngoja aseme mwenyewe."

Spika aliinuka, akazunguka meza, akarudi. Ukurasa ulikuwa umekaa gizani saa moja na nusu. "Urudishe," akanguruma, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Na uuweke juu kabisa, kabla ya majina ya farasi. Meneja akitaka orodha zake, tutakwenda kuzinakili kutoka ubao wa uwanjani kwa kalamu kama zamani!"

Fundi baiskeli akagonga dari.

Saa kumi na moja jioni nilikwenda nyumbani kwa Mjomba. Mke wake alinifungulia, akanipisha. Mjomba alikuwa sebuleni, mguu juu ya stuli, televisheni imezimwa.

"Shikamoo."

Alinigeukia. "Marahaba."

Nikaketi. "Kesho baadhi ya wapandaji watagoma. Meneja atawaonyesha saini yako. Nusu yao watapanda kwa ajili ya saini hiyo."

"Nusu nzima? Kwa nini?"

"Kwa sababu wanakuamini."

Alilikanda goti lake kwa kiganja. "Lilianza Novemba," alisema. "Nikasema wiki hii nilipumzishe, nitakadiria. Nikapatia. Wiki ya pili nikapatia tena. Mwezi mzima napatia tu." Akaacha kulikanda. "Yule binti bega lake limepona?"

"Karibu. Daktari amesema wiki mbili tu."

"Nilikwenda hospitali kumwona. Nikaishia getini."

Nilijua nini cha kusema na nilikisema kama nilivyofundishwa naye kumwambia farasi: mara moja, bila kuvuta. "Kesho njoo uwanjani, Mjomba. Useme wewe. Nikisema mimi, itakuwa nimekuanika. Ukisema wewe, itakuwa ni kazi yako umeimaliza."

Hakusema ndiyo. Hakusema toka.

Jumapili, 11 Mei

Mvua ilikatika alfajiri na jua likatoka kali, jambo baya, kwa sababu kila aliyekaa jukwaani aliona nyasi zinang'aa akadhani mambo ni mazuri. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, simu mkononi, mikeka yao tayari.

Saa nne wapandaji walikusanyika kwenye uwanja mdogo wa kutembezea farasi. Sindano alikuwa mbele yao, bila farasi na bila sare. Kila mmoja alikuwa na picha ya tundu langu lililojaa maji kwenye simu yake.

"Nane," Sindano alimwambia meneja. "Kanuni inasema saba."

Meneja aliinua karatasi. "Nane ni ya mtandaoni. Hii ndiyo ya uwanja. Imetiwa saini na mtu mnayemjua wote. Nani hapa anataka kuniambia mzee huyu hajui kazi yake?"

Wawili wakaanza kukaza kamba za kofia zao. Mdomo wangu nami ulishafunguka.

"Mimi nataka," alisema mtu nyuma.

Alikuwa amekuja kwa pikipiki mpaka getini, na kutoka getini amekuja kwa miguu, kwa fimbo ya kutembelea mkono mmoja na fimbo ya kupimia mkono mwingine. Jasho lilikuwa likimtiririka. Walimpisha.

"Saini ni yangu," alisema. "Namba si ya kweli. Kona ya mbali sijaikanyaga tangu Novemba. Mguu umenikataa na nikaona haya kusema. Huyu binti ameanguka kwa haya zangu." Alimgeukia Sindano, akavua kofia. "Nisamehe, mama." Kisha kwa meneja: "Una gari. Nipeleke nikaichome mbele yako."

Walikwenda. Nilipanda nyuma bila kuombwa wala kukatazwa. Kwenye kona Mjomba alishuka, akajiegemeza kwenye uzio, akachoma. Fimbo iliteremka, ikateremka, mpaka ngumi yake ikakaribia nyasi. Meneja aliitazama ngumi ile. Kisha akatazama jukwaa, watu wote wale. Nilimwonea huruma, sikutegemea.

"Nane," alisema Mjomba. "Mpwa wangu amepima sawa."

"Nane na nusu," nikasema.

Kombe limeahirishwa wiki mbili. Kuwatangazia watu walioshika mikeka si kazi ya mtu yeyote tu, na karani wa uwanja alirudia sentensi ya kwanza mara tatu mpaka Spika akampokonya kipaza sauti. Hakukihitaji. Walizomea, walipiga mbao za viti kwa miguu, na yeye akaendelea kuwaeleza, fimbo, namba, kona, bega la Sindano, mpaka zomeazomea ikapungua, na watu wakaanza kushuka kwenda kujionea wenyewe. Foleni ya kwenda kuichoma ile kona kwa vijiti na miavuli ilidumu hadi saa tisa.

Jumatatu, 12 Mei

Mjomba amepeleka barua ya kuacha kazi. Hakumwonyesha mtu kabla. Mama analia kwenye simu, halafu ananilaumu, halafu anauliza kama nimekula.

Meneja ametuma mtu aniletee kitambulisho changu. Sikuringa. Sana.

Ijumaa, 16 Mei

Wamechimba. Bomba la kutolea maji chini ya kona limezibwa na mizizi, miaka kadhaa sasa. Hata mtu mwenye magoti manne asingeliona bila kuchimba. Nimempigia Mjomba kumwambia. Aliuliza mizizi ya nini.

Jumatano, 21 Mei

Daktari amemfyonza Mjomba maji gotini na kumpa magongo. Anawakosoa wauguzi namna wanavyofunga bendeji.

Jumapili, 25 Mei

Kombe.

Saa kumi na mbili asubuhi nilimpitia Mjomba. Mlinzi wa geti alisimama wima kumpokea kama vile bado ndiye mkuu wake. Tulizunguka uwanja kwa kigari cha kukatia nyasi, mimi nikiendesha, yeye akilalamikia uendeshaji. Kona ya mbali alishuka kwa magongo, akachoma, akainama.

"Tano," alisema.

Nikainama. "Nne, Mjomba."

"Tano. Macho yako yana haraka."

Nikapiga magoti, nikaweka ukucha kwenye alama. "Nne. Angalia mwenyewe."

"Nimeangalia wewe hujazaliwa."

"Hapa naandika mimi."

"Andika basi. Lakini andika na kwamba nimepinga."

Nikaandika. Sasa hivi watu elfu themanini wameusoma mstari huo: *Kona ya mbali, 4. Mjomba anasema 5.*

Sindano alirudi farasini leo. Aliingia kona ya mbali wa sita, akakata ndani kabisa karibu na uzio, mahali alipoangukia, akatoka wa nne, na wa nne ndivyo alivyomaliza. Nilipiga kelele kama aliyechukua Kombe.

Jioni nilikaa kujibu maoni. Wengi walitaka kujua jambo moja tu: huyo Mjomba ni nani, na kwa nini anaruhusiwa kubisha?

Mjomba alikuwa kando yangu, miwani puani, anayasoma maswali yale juu ya bega langu na kujifanya hayasomi. Nikaandika nikiwa namwona akinisubiri:

*Ndiye aliyenifundisha kupima*

"Weka nukta," alisema.